Maswali ya wasomaji: Kura walizipata, serikali hawakuipata

Kila Januari barua zinazokuja hapa nyingi huwa za Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka huu zimezidi, zimetoka kwa wanafunzi, kwa wazee, na moja imetoka mbali kabisa ng'ambo ya bahari. Nimechukua sita. Zilizofanana nimeziunganisha, kwahiyo ukiona swali lako limechanganywa na la mwenzio usinune.

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tatu. Darasani tumeandika sababu za Mapinduzi kuwa ni ubaguzi, ardhi, elimu na unyonyaji. Swali langu, uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963 na mapinduzi yakawa 12 Januari 1964, hata siku 40 hazikufika. Kwanini wasingesubiri uchaguzi mwingine? – Mwanafunzi, Tanga

Marahaba mwanangu. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao nilikuwa nasubiri mtu aniulize hivo hivo, manake hizo sababu ulizoandika ni za kweli zote, ila ukiziuliza mbona zilikuwepo tangu babu zetu na hakuna aliyepindua serikali, orodha inakaa kimya. Ardhi ilikuwa na tatizo 1930, elimu ilikuwa na tatizo 1940, wakati wa vita vya pili hata mgao wa chakula uligawanywa kwa kufuata kabila la mtu na mchele ukawa wa Mwarabu na Mhindi kwanza. Watu waliumia na wakavumilia. Kinachoeleza kwanini 1964 na sio mwaka mwingine ni sanduku la kura, na mimi hilo nalishikilia sana, naomba unifuate polepole kwenye mahesabu.

Januari 1961 uligombewa uchaguzi wa viti 22. Afro-Shirazi Party, yaani ASP ya mzee Karume, walipata 10. Zanzibar Nationalist Party, ambayo kila mtu aliiita Hizbu, 9. ZPPP, yaani Zanzibar and Pemba People's Party ya Mohammed Shamte, 3. Kiti kimoja cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. Moja! Hebu fikiria mtu mmoja siku ile angeamka na homa asiende kupiga kura. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Kikaongezwa kiti kimoja, wakarudia Juni mwaka huo huo, ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, lakini safari hii ZPPP na Hizbu walikuwa wameshashikana mikono mapema, kwahiyo 13 kwa 10 na ASP nje, japokuwa kura walizopata ASP zilikuwa kama nusu ya kura zote. Siku yenyewe ya kupiga kura fujo zikaanza mjini zikashuka mashamba, watu 68 wakauawa na 64 kati yao walikuwa Waarabu. Hiyo Juni 1961 iweke kichwani, ntairudia chini.

Halafu Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, viti 31. ASP kura zaidi ya 87,000, asilimia 54. Hizbu na ZPPP ukiwajumlisha pamoja, kama 73,000 hivi. Viti sasa: ASP 13, Hizbu 12, ZPPP 6. Yaani waliopata kura chache wana viti 18 na waliopata nyingi wana 13.

Utauliza inawezekanaje. Inawezekana bila mtu kuiba hata karatasi moja. Chukua majimbo matatu ya kufikirika, kila moja lina wapiga kura 5,000. Jimbo la kwanza chama changu kinapata 4,000 na chako 1,000. Jimbo la pili na la tatu mimi 2,400 wewe 2,600. Jumlisha: mimi nina kura 8,800, wewe 6,200, lakini wewe una viti viwili na mimi kimoja. Ndo kilichotokea. ASP walirundika kura kwenye ngome zao za Unguja, na kwengine wakakosa kwa kura kidogo kidogo. Mfumo wenyewe ni ule ule wa Uingereza na sheria haikuvunjwa, sasa nenda kamueleze hivo kuli wa bandarini au mpalilia karafuu ambaye amepiga kura mara tatu ndani ya miaka miwili na nusu, na mara zote anasikia wenzake ni wengi na serikali sio yao. Mipaka ya majimbo imepangwa chini ya Mwingereza, na Mwingereza huyo huyo anafunga mizigo anaondoka Desemba anawaachia funguo wale wenye kura chache. Ukimwambia asubiri uchaguzi ujao atakuuliza upi tena.

Na serikali mpya haikumpa sababu ya kusubiri. Ndani ya wiki chache ilikuwa imekipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, na ikaanza kuwatoa kazini polisi wenye asili ya bara kwa kuwa haikuwaamini. Hapa ndo nikisoma huwa nashika kichwa. Polisi wanajua ghala la bunduki liko wapi, linalindwa na nani na saa ngapi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 walipovamiwa kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, waliovamia wengi walikuwa na mapanga, mikuki na marungu tu, bunduki walizikuta humo ndani. Kulipokucha walikuwa nazo za kutosha kuuchukua mji, Malindi ndo palipigwa kwa muda mrefu kidogo.

Kwahiyo ukijibu mtihani andika ardhi, andika elimu, andika ubaguzi, mwalimu wako atakupa alama. Ila ongeza na hesabu ya Julai 1963.

Sultani Jamshid alikuwa na kosa gani hasa? Nimesoma kwamba alikalia kiti miezi sita tu. Au alilipia makosa ya babu zake? – Msomaji, Morogoro

Miezi sita na siku kadhaa, ndio. Baba yake Seyyid Abdullah alifariki 1 Julai 1963, Jamshid akashika, alikuwa na miaka 33. Kwa matendo yake yeye mwenyewe sina kubwa la kukuandikia, hakuwa mtawala kwa maana ya kutoa amri watu wakatii. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na mwaka 1896 Khalid bin Barghash alipojaribu kukalia kiti bila ruhusa yao, meli za kivita zikaipiga kasri mizinga na vita vikaisha chini ya saa moja. Baada ya hapo kila sultani alijua mipaka yake. Seyyid Khalifa bin Haroub alikaa kwenye kiti kuanzia 1911 mpaka 1960 na wengi walimpenda, hata baadhi ya watu waliokuja kuwa ASP wakimheshimu kama mzee wa nchi.

Tatizo ni kile kiti. Nasaba ile iliingia na Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, akaja na mikarafuu na mashamba makubwa, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1897. Hesabu mwenyewe, 1897 mpaka 1964 ni miaka 67, maana yake siku ya uhuru walikuwepo wazee waliozaliwa na mama mtumwa, wako hai, wanaona. Mtu wa namna hiyo unamletea uhuru ambao katiba yake inasema mkuu wa nchi ni Sultani na atafuatiwa na mrithi wake, bendera inayopanda ni ile nyekundu ya Sultani iliyoongezwa duara la kijani na karafuu mbili. Mzee yule aliona nini kimebadilika? Ndo maana ukasikia maneno ya "uhuru wa Waarabu" au uhuru wa bendera.

Ila niseme na upande wa pili kwasababu ni haki kusema. Serikali iliyopinduliwa waziri mkuu wake alikuwa Mohammed Shamte, Mshirazi wa Pemba, yaani mwenyeji wa visiwani na sio Mwarabu. Chama cha Hizbu kilikuwa na Waafrika wengi tu ndani yake na kilidai uhuru mapema na kwa sauti kubwa kuliko wengine. Anayesema Mapinduzi yalikuwa Mwafrika upande huu na Mwarabu upande ule basi kwisha, hajaiangalia orodha ya mawaziri.

Jamshid mwenyewe asubuhi ile alipanda na familia yake meli ya Seyyid Khalifa, wakaelekea Mombasa, wakakataliwa kushuka, wakarudi Dar es Salaam, wakaruhusiwa na kutoka hapo wakaruka kwenda Uingereza. Aliishi mji wa Portsmouth miaka zaidi ya 50. Mwaka 2020 Oman wakamruhusu kuhamia, na akafariki huko Desemba 2024. Zanzibar hakuwahi kurudi.

Marehemu babu yetu alipewa eka tatu na serikali baada ya Mapinduzi. Sasa hivi sisi wajukuu tupo 19 na kila mtu anataka chake. Naomba kujua lengo la eka zile lilikuwa nini na je ni mali yetu kweli? – Mama wa Kaskazini Unguja

Mama, pole na hiyo kazi ya kugawana. Naanza na lengo, manake bila kujua watu walivyokuwa wakiishi kwenye mashamba huwezi kujua eka tatu zilikuwa na uzito gani.

Kabla ya 1964 mtu asiye na ardhi alikuwa anakaa kwenye shamba la tajiri, chini ya mikarafuu. Analipalilia, majani yasisonge miti, na badala ya mshahara anaruhusiwa kulima chakula katikati ya mistari, muhogo, viazi vitamu, kunde. Msimu ukifika anapanda juu kuchuma karafuu, analipwa kwa pishi. Kitu kimoja alikatazwa: kupanda mti wa kudumu. Mnazi hapana, mkarafuu hapana, mwembe hapana. Unajua kwanini? Kwasababu kwa desturi zetu mti ni mali ya aliyeupanda hata kama ardhi ni ya mwingine, kwahiyo siku akipanda mnazi keshaweka mguu. Muhogo unang'olewa kwa siku moja, mtu huyo akaambiwa hama anahama na jembe lake na watoto, haachi alama yoyote nyuma. Watu waliishi hivyo miaka 30, miaka 40, wamezaa hapo, wamezika hapo, hawana hata mti mmoja wanaoweza kusema huu wangu.

Mambo yalikwenda hivo kimya kimya mpaka vyama vilipoingia. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa 1957 baadhi ya wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliojulikana kupigia ASP, na ASP nao wakajibu kwa kugomea maduka ya upande wa pili. Kuanzia hapo jirani akawa haendi msibani kwa jirani. Wazee wengi wakisimulia chanzo cha chuki hawaanzi na sultani, wanaanza na mwaka ule, muhogo uling'olewa ukiwa bado haujakomaa.

Kwahiyo Machi 1964 serikali ya Mapinduzi ilipotangaza ardhi yote ni mali ya umma, na kuanzia Novemba 1965 watu wakaitwa kukabidhiwa eka tatu tatu zenye mikarafuu au minazi yake, kile alichopewa babu yako kilikuwa ni ruhusa ya kupanda mti. Mimi nawaelewa kabisa wazee wanaolia wakiikumbuka siku ile.

Matokeo ya baadae ni mchanganyiko. Wapo waliozitunza wakasomesha watoto kwa karafuu. Wapo waliopewa wakati sio wakulima, miti ikazeeka ikafa haikupandwa mingine. Na serikali ikawa ndo mnunuzi pekee wa karafuu, ikimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, kwahiyo kuna mtu alitoka kumchumia tajiri akaja kuichumia serikali, na aliyebeba karafuu kwa magendo kwenda Kenya alikuwa anahatarisha roho yake.

Kuhusu umiliki: ardhi ile ilitolewa kwa matumizi, mwenyewe halisi ni serikali, na mtu akiiacha pori serikali ina uwezo wa kuirudisha. Msiigawe vipande 19 kwa kamba na vigingi nyumbani. Nendeni pamoja Kamisheni ya Ardhi na hati ya babu mkiwa nayo, muulize kwanza nani anaruhusiwa kurithi na kwa utaratibu gani, halafu ndo mkae kikao cha familia. Eka tatu kwa watu 19 ni kama mita 25 kwa 25 hivi kwa kila mmoja, mikarafuu itakayotosha humo ni michache tu. Ushauri wangu limeni pamoja mgawane mavuno.

Mbona John Okello hatajwi kwenye sherehe? Si ndo aliyeongoza? – Msomaji, Kampala

Okello alikuwa mwenzenu, mtu wa Lango kaskazini ya Uganda, alikuja Pemba 1959, akafanya vibarua vya ujenzi, akawa karibu na vijana wa ASP, kisha akahamia Unguja 1963. Asubuhi ya Mapinduzi sauti iliyosikika redioni ilikuwa yake, akijiita Fildi Mashali, akitoa amri na vitisho ambavyo hata walio upande wake viliwaogopesha. Kwahiyo kwa wananchi siku ile yeye ndo alikuwa Mapinduzi.

Historia rasmi inasema mipango ilikuwa ya ASP chini ya Karume, ikasimamiwa na kamati ya watu 14, na Okello alikuwa mmoja wa watekelezaji. Wengine wanasema bila yeye usiku ule usingefanikiwa. Mimi naona ukweli wa mambo unaonekana kwa kilichofuata. Hakuwa na chama, hakuwa na ukoo visiwani, lafudhi yake ilikuwa ya mgeni, alikuwa Mkristo katikati ya nchi ya Waislamu, na alikuwa na bunduki. Machi 1964 alisafiri bara, alipotaka kurudi akazuiwa, ikawa ndo mwisho wake Zanzibar. Akazunguka zunguka Afrika Mashariki, na baada ya 1971 habari zake zikakatika. Waliobaki ndo walioandika, na kwenye maandiko yao akapewa mistari michache.

Assalaam alaykum. Bibi yangu aliondoka Unguja 1964 na watoto watatu na sanduku moja. Alifariki hajawahi kutusimulia siku zile, tukimuuliza anabadilisha mazungumzo. Nikisoma "sababu na matokeo ya Mapinduzi" watu kama yeye siwaoni. Tuko sehemu gani, kwenye sababu au kwenye matokeo? – Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam dada yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ntakujibu bila kuzunguka.

Mko kwenye matokeo, na ni tokeo ambalo kwa miaka mingi tumelipita haraka tukakimbilia mashule na majumba. Wiki zile za Januari watu waliuawa kwa maelfu, wengi wao Waarabu, na Wahindi pia walikumbwa, na Waafrika waliojulikana ni Hizbu pia. Wanawake walidhulumiwa. Watu walikusanywa kwenye makambi, wengine wakapakiwa majahazi. Haikufanyika hesabu ya marehemu hata siku moja, hakuna daftari la majina, kwahiyo kila mtu anataja namba kulingana na upande aliokaa, na mimi namba sitaji.

Kitu ambacho wasomaji wengi hawakijui ni nani hasa walikufa. Mtu akisikia mapinduzi dhidi ya sultani na mabwana shamba anadhani walioumia ni mabwana shamba. Wengi wa wenye mali walikuwa mjini, na wengine waliwahi kuondoka. Aliyekutwa ni mwenye kiduka cha shamba, yule Mmanga, Mwarabu aliyetoka Oman, anayeuza chumvi, mafuta ya taa na kipande cha sabuni, analala nyuma ya duka lake hilo hilo, kijijini yupo peke yake, jirani wa karibu ni mteja mwenye deni lake. Ni watu wa aina ile ile waliouawa Juni 1961. Maskini mwenye rangi ya kutambulika na hana ulinzi. Hicho kinaniuma mpaka leo, manake yule muuza sabuni hakuchora jimbo hata moja, hakumfukuza mtu shambani, na karafuu hakuwa nazo.

Na kuna nyumba ambazo mpaka wa ukabila ulipita katikati ya kitanda. Visiwani watu wameoana miaka mia mbili, mtu baba yake Mwarabu mama yake Mswahili, kaka mmoja yuko Hizbu mwengine ASP. Yapo majirani waliowaficha majirani uvunguni na darini, na yapo majirani walioonyesha kwa kidole. Bibi yako kunyamaza kwake nadhani ni kwasababu aliyajua majina ya wote, wa darini na wa kidole.

Kama wapo hai wazee wenzake aliosafiri nao, nenda kawakalie, usiende na maswali ya sababu na matokeo. Waulize sanduku lile lilikuwa na nini ndani. Mtu akianza kutaja vitu, kanga, kopo la dawa, picha, mengine yanafuata yenyewe. Andika, hata kama ni kwa simu, na uyahifadhi.

Tuambie kwa ufupi, Mapinduzi yalileta nini kisiasa? Na je baada ya pale watu walipiga kura lini tena? – Wasomaji wawili, Pemba na Dodoma

Nimewaunganisha kwasababu wa Dodoma ameuliza la kwanza na wa Pemba la pili, na jibu la swali la kwanza limo ndani ya lile la pili.

Usultani ulifutwa, ikawa Jamhuri chini ya Rais Abeid Amani Karume na Baraza la Mapinduzi. Siku chache baadae, tarehe 20 Januari, wanajeshi wa Tanganyika nao wakaasi Dar es Salaam, na moto ukaruka Uganda na Kenya, nchi za magharibi zikawa zinaangalia Babu na makomredi wake kwa hofu ya kwamba Zanzibar itakuwa Kuba nyingine. Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Kwahiyo Tanzania yenyewe, nchi hii tunayoiandika kwenye paspoti, ni tokeo la Mapinduzi, miezi mitatu na nusu tu.

Ya kujivunia yapo na sitaki mtu ayafiche. Septemba 1964 elimu ikatangazwa bure, na watoto wa mashamba ambao skuli waliiona kwa mbali wakaingia darasani. Matibabu bure yakafuata 1965. Nyumba za kisasa zikajengwa Kikwajuni, Kilimani na baadae yale maghorofa marefu ya Michenzani, familia za Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, zilizokuwa zinaishi kwenye vibanda vya makuti zikapewa vyumba vyenye maji na umeme. Kwa hayo nawapa haki yao waliopindua.

Upande wa pili, madaraka yalikaa kwa watu wachache na hakukuwa na wa kuwauliza. Waliokuwa mawaziri wa serikali ya Shamte wakafungwa miaka, Ali Muhsin Barwani peke yake zaidi ya 10. Halafu ikawafikia na wenyewe kwa wenyewe. Abdalla Kassim Hanga na Othman Shariff, wote vigogo wa ASP, walikamatwa wakapelekwa visiwani 1969 na hawakuonekana tena. Mwaka 1970 kuna wasichana wa asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu wakubwa wa serikali. Foleni za mchele na sukari. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume akapigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama chake, akafa, na Aboud Jumbe akashika.

Pemba nako kuna kisa chake na namuelewa msomaji wangu wa huko. Kule wenyeji walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, Mpemba wa kawaida alikuwa na miti yake, akioa na kuozesha na Waarabu, kwahiyo ile hasira ya mpalilia asiye na mti haikuwepo kwa kiasi kile cha Unguja. Mapinduzi kwao yalifika kwa boti. Walichoona wao ni viboko hadharani, na baadae bei ya karafuu ya kumuumiza mwenye miti, na mwenye miti ndo huyo Mpemba. Ukitaka kujua kwanini uchaguzi wa vyama vingi uliporudi 1995 Pemba ilikwenda upande mmoja mzima mzima, na kwanini Januari 2001 damu ilimwagika kule, anzia kwenye hiyo miti. Ilibidi kufika kura ya maoni ya Julai 2010 ndo wakakubaliana serikali ya umoja wa kitaifa.

Sasa hilo la kura. Watu waliopindua serikali kwa uchungu wa kura zao kutohesabika Julai 1963 hawakuitwa kupiga kura ya kumchagua kiongozi wao wa Zanzibar mpaka Oktoba 1980. Miaka 17. Karume hakuwahi kusimama mbele ya mpiga kura wa visiwani kama Rais wao, na siku uchaguzi uliporudi ASP yenyewe haikuwepo tena, ilishaungana na TANU kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Karatasi ya 1980 ya Rais wa Zanzibar ilikuwa na jina moja, Aboud Jumbe, mpiga kura anachagua ndiyo au hapana.